Kipimo ni Stripu, Si Mashine

Mashine za kupimia sukari zinapotolewa kwa msaada, zinazopigwa picha ni mashine. Hupangwa mezani, hukabidhiwa kwa mikono miwili, na jina la mfadhili huonekana vizuri. Kopo la stripu lililokuja na kila mashine, lenye vipande 25 au 50, halimvutii mpiga picha. Baada ya wiki chache kopo limekwisha, duka la dawa la jirani linauza stripu za aina nyingine zisizokubaliwa na mashine hiyo, na kifaa kilichopokelewa kwa vigelegele kinalala kabatini betri yake ikiwa nzima.

Ni rahisi kumlaumu mfadhili, lakini dhana inayozaa hali hii imeenea pia miongoni mwa wahudumu wa afya na wagonjwa. Wengi huamini kwamba mashine ndiyo inayopima, na stripu ni kibebeo tu cha tone la damu, mfano wa kijiko. Ukweli wa kisayansi ni kinyume chake. Upimaji wote hutendeka ndani ya stripu. Mashine husoma mkondo mdogo wa umeme uliozalishwa humo na kuugeuza kuwa tarakimu. Anayetaka kuelewa kwa nini iko hivyo, na kwa nini jambo hili lina uzito kwa mtoto mwenye malaria kali au kwa mama mjamzito mwenye kisukari, atafaidika kuufuatilia utafiti wa Leland Clark, Mmarekani ambaye wanasayansi wa fani hii humwita baba wa vihisi vya kibayolojia.

Clark alizaliwa mwaka 1918 mjini Rochester, katika jimbo la New York. Alisoma kemia katika Chuo cha Antioch kilichoko Yellow Springs, mji mdogo wa jimbo la Ohio, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rochester mwaka 1944, kisha akarudi Yellow Springs kufanya utafiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akihangaika na chombo cha kuitia damu oksijeni nje ya mwili. Viputo vya oksijeni vilipitishwa ndani ya damu, kisha povu likaondolewa kabla ya damu kurudishwa mwilini. Hicho kilikuwa kipindi ambacho madaktari wa upasuaji walikuwa wakitafuta namna ya kuusimamisha moyo, kuukarabati na kuuwasha tena. Mwaka 1953 John Gibbon alifaulu kufanya upasuaji wa namna hiyo mjini Philadelphia kwa kutumia mashine ya moyo na mapafu.

Inasimuliwa kwamba Clark alipotaka kuchapisha matokeo ya chombo chake, mhariri wa jarida aliyakataa kwa sababu moja: hakuweza kuonyesha ni kiasi gani cha oksijeni kilichokuwemo katika damu iliyotoka humo. Mhariri alikuwa na haki. Chombo kilichodai kuongeza kitu ambacho mtengenezaji wake hawezi kukipima kilikuwa bado ni imani tu.

Njia ya kupima oksijeni kwa umeme ilikuwa ikijulikana. Ukiweka waya wa platinamu katika maji na kuupa volti ndogo inayofaa, oksijeni iliyoyeyuka humo huchukua elektroni kwenye uso wa platinamu, na mkondo unaopita huwa mkubwa au mdogo kulingana na wingi wa oksijeni. Katika maji jambo hili ni jepesi. Katika damu lilishindikana, kwani protini na chembe za damu huung'ang'ania uso wa platinamu kama masizi yanavyoshika sufuria, mkondo ukafifia, na tarakimu ikashuka hata pale oksijeni ilipokuwa haijapungua.

Clark aliiacha platinamu ilivyo na kuitenga na damu. Kwanza aliifunika kwa selofani. Kisha, mwaka 1954, aliziweka elektrodi zote mbili, ya platinamu na ya fedha, pamoja na kimiminika chake, nyuma ya utando mwembamba wa plastiki ya polithini. Oksijeni hupenya plastiki hiyo, ilhali protini, chembe nyekundu na chumvi haziwezi. Damu ikabaki upande wake na umeme upande wake, na kati yao ukakaa utando unaoamua nani apite. Maelezo ya elektrodi hiyo yalichapishwa mwaka 1956. Katika miaka michache iliyofuata, John Severinghaus na mwenzake waliiunganisha na elektrodi ya kaboni dayoksaidi na ile ya kupima asidi, na hapo ukazaliwa mtambo wa kupima gesi za damu ambao hadi leo ni nguzo ya vyumba vya wagonjwa mahututi. (Kifaa kinachobanwa kidoleni kusoma oksijeni, kilichozoeleka sana tangu janga la UVIKO-19, hakitokani na kazi hii. Hicho hutumia mwanga, na wazo lake lilitoka Japani katika miaka ya 1970.)

Kufikia hapo Clark alikuwa tayari ameacha jina. Hatua yake ya pili ndiyo iliyomfikia mgonjwa wa kisukari, ingawa hakuitafuta kwa ajili yake. Mwaka 1962, akiwa Birmingham katika jimbo la Alabama, alichapisha pamoja na daktari wa upasuaji Champ Lyons makala kuhusu mifumo ya elektrodi ya kumfuatilia mgonjwa mfululizo wakati wa upasuaji wa moyo na mishipa. Ndani yake mlikuwa na pendekezo jipya. Kama utando unaweza kuamua nani apite, kwa nini usiwekwe mlinzi mwingine pale mlangoni, yaani kimeng'enya kinachoitambua glukosi peke yake miongoni mwa maelfu ya vitu vilivyomo katika damu?

Kimeng'enya hicho, glukosi oksidesi, huikamata glukosi, hutumia oksijeni, na hutoa haidrojeni peroksaidi. Kikifungiwa kati ya tando mbili juu ya elektrodi, glukosi inapoingia, oksijeni iliyo karibu na platinamu hupungua. Elektrodi iliyokwisha kujua kuhesabu oksijeni sasa inahesabu sukari. Kiumbe hai amechangia uwezo wa kutambua, chuma kimechangia uwezo wa kuhesabu. Ndiyo maana ya kihisi cha kibayolojia, na hakuna haja ya kuitafutia maana ngumu zaidi.

Wazo hilo lilichukua miaka 13 kuwa bidhaa. Mwaka 1975 kampuni ya YSI, ya mji uleule wa Yellow Springs, ilianza kuuza mtambo wa maabara wa kupimia glukosi uliotumia kimeng'enya juu ya elektrodi. Ulikuwa wa kukaa mezani. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Oxford na Cranfield nchini Uingereza walipata njia ya kuachana na oksijeni. Waliiweka badala yake kemikali yenye madini ya chuma, iitwayo ferosini, ibebe elektroni kutoka kwenye kimeng'enya hadi kwenye elektrodi. Matokeo yake, kifaa chenye umbo la kalamu kiliingia sokoni mwaka 1987, na elektrodi ikawa kitu cha kutumia mara moja na kutupa. Adam Heller, mzaliwa wa Romania aliyefanya kazi Texas, akaenda mbele kwa kukifunga kimeng'enya na elektrodi kwa kemikali inayopitisha umeme kama waya. Kutokana na kazi yake kilipatikana kipimo kinachohitaji damu ya ujazo wa sehemu 3 za kumi za mikrolita, na baadaye kihisi kinachobandikwa mkononi na kukaa siku 14, kilichoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2014.

Mwenye kopo la stripu mkononi na aitazame moja kwa makini. Mistari ile myeusi au ya rangi ya dhahabu ni elektrodi. Kidirisha kidogo cha mbele ni mfereji unaovuta damu wenyewe. Ndani ya mfereji mmekaushwa kimeng'enya na kibeba elektroni, kwa kipimo maalumu, juu ya eneo lisilozidi punje ya mchele. Kila kilichokuwa juu ya meza ya Clark kimo humo. Kilichobaki ndani ya mashine ni saa, kikokotoo na kioo cha kuonyesha tarakimu.

Kutokana na hayo yapo mambo ambayo mhudumu wa afya hapaswi kuyakariri tu kama masharti ya karatasi ya maelekezo, bali kuyaelewa.

Kimeng'enya ni protini, na protini haipatani na joto wala unyevu. Stripu nyingi huelekezwa kutunzwa mahali pasipozidi nyuzi joto 30, ndani ya kopo lake, kifuniko kikiwa kimebana, kwa sababu kopo lenyewe lina dawa ya kufyonza unyevu. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, chumba chenye paa la bati na dirisha moja huvuka kiwango hicho mchana wa Februari bila shida yoyote. Stripu iliyotolewa koponi na kuuzwa moja moja ndani ya mfuko wa nailoni haina tena ulinzi wala tarehe ya mwisho inayosomeka. Mashine itaisoma vilevile, na itatoa tarakimu.

Mikono nayo ni sehemu ya kipimo. Aliyetoka kumenya embe au kula chungwa ana sukari ya kutosha kwenye ngozi ya kidole kuipandisha tarakimu kwa kiasi cha kutisha, maana tone lenyewe ni dogo mno. Maji na sabuni, kisha kukausha, ni bora kuliko kupaka spiriti juu ya kidole chenye utomvu wa tunda.

Zaidi ya hayo yote kuna upungufu wa damu, na hapa ndipo suala linapokuwa la uhai. Chembe nyekundu katika tone la damu huzuia kidogo mwendo wa glukosi kuelekea kwenye kimeng'enya. Zinapokuwa chache, glukosi hufika kwa wingi zaidi, na aina nyingi za stripu huonyesha sukari iliyo juu kuliko ilivyo kweli. Baadhi ya mashine mpya hufanya masahihisho, nyingine hazifanyi, na kila kopo hueleza mipaka ya wingi wa chembe nyekundu ambayo stripu hiyo inaimudu. Mtoto mwenye malaria kali mara nyingi ana upungufu mkubwa wa damu na hapohapo yumo katika hatari ya kushuka sukari. Yaani mgonjwa yuleyule ambaye sukari yake ikishuka atapata degedege au kupoteza fahamu, ndiye ambaye stripu ina mwelekeo wa kumpa tarakimu ya kufariji.

Kuna hesabu moja inayostahili kubandikwa ukutani katika kila wodi ya watoto. Kiwango cha kimataifa cha ISO cha mwaka 2013, ambacho watengenezaji hukitumia kujinadi, hukubali stripu ikiwa asilimia 95 ya majibu, pale sukari iliyo chini ya milimoli 5.55 kwa lita, hayapishani na maabara kwa zaidi ya milimoli 0.83. Sukari halisi ya 3.0 inaweza basi kusomwa 2.2 au 3.8, na stripu ikahesabiwa kuwa nzuri. Katika malaria kali, sukari iliyo chini ya 2.2 ni alama ya ugonjwa mkali. Kwa maneno mengine, upana wa ruhusa unafunika eneo lote ambamo uamuzi wa kumpa mtoto glukosi hufanyika. Ongeza upungufu wa damu juu yake. Daktari au muuguzi anayemwona mtoto amelegea, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na kuiacha glukosi kwa sababu mashine imeandika 3.4, ameiamini tarakimu kuliko watengenezaji wenyewe wanavyoiamini. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba pasipo uwezo wa kupima, mtoto asiye na fahamu atibiwe kana kwamba sukari yake imeshuka. Tarakimu iliyo mpakani, kwa mtoto wa aina hiyo, haiko mbali na kutokuwa na uwezo wa kupima.

Oksijeni yenyewe, iliyomsumbua Clark mwanzoni, bado imo mchezoni. Katika stripu zinazotumia glukosi oksidesi, oksijeni hushindana na kibeba elektroni. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni nyingi anaweza kusomwa chini kuliko ilivyo. Stripu za kimeng'enya kingine hazina tatizo hilo, lakini baadhi yake zilikuja na balaa la pili: hazikutofautisha glukosi na maltosi. Mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za vifo 13. Wengi wa waliokufa walikuwa wakisafishwa damu kupitia tumboni kwa maji yenye ikodekstrini, ambayo mwili huigeuza kuwa maltosi. Mashine zilionyesha sukari ya juu, wakapewa insulini, nao hawakuwa na sukari ya juu. Hakuna mashine iliyokuwa imeharibika.

Wapo watakaosema kwamba, kwa udhaifu wote huu, heri damu ipelekwe maabara. Hoja hiyo ina nguvu pale maabara ilipo jirani. Pale ambapo sampuli husubiri, chembe za damu huendelea kuila glukosi ndani ya mrija, na sukari hupungua kwa takribani asilimia 5 hadi 7 kila saa ikiwa mrija hauna kizuizi na haujatenganishwa. Jibu la maabara lililokuja saa nne baada ya damu kutolewa linaweza kukosea kuliko stripu. Stripu iliyotunzwa vizuri, ikitumiwa na anayejua mipaka yake, ni kipimo bora kabisa kwa mahali pasipo na kingine.

Basi irudi hoja ya kabati. Ikiwa kipimo ni stripu, ununuzi wa hospitali na wa bima hauna budi kuanzia kwenye stripu. Orodha ya vipimo muhimu ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2018, imeitaja glukosi miongoni mwa vipimo vinavyopaswa kupatikana hata penye kituo kisicho na maabara. Hata hivyo katika bajeti nyingi insulini huandikwa chini ya dawa, na stripu huangukia kwenye vifaa vidogovidogo pamoja na pamba na glavu, mahali ambapo fedha zikipungua hukatwa kwanza. Kumpa mtu insulini bila stripu ni kumwachia abahatishe dozi ya dawa inayoweza kumuua usiku akiwa amelala.

Haina maana kwamba kila mwenye kisukari apime mara nne kwa siku. Kwa wagonjwa wa kisukari aina ya 2 wanaotumia vidonge visivyoshusha sukari kupita kiasi, tafiti zimeonyesha faida ndogo ya kujipima kila siku, na kuwahimiza watumie fedha ya chakula kununua stripu ni kuwadhulumu. Palipo na stripu chache, wa kwanza wawe wanaochoma insulini, hasa watoto na vijana wa kisukari aina ya 1, kisha wajawazito. Mpangilio huu utawaudhi baadhi ya watu, na unapaswa kusemwa waziwazi kliniki badala ya kuachiwa yule anayefika mapema dirishani.

Mikataba nayo iandikwe upya. Zabuni isiyouliza bei ya mashine kwanza, bali bei ya stripu kwa mgonjwa kwa mwezi, kwa miaka mitano, pamoja na kiwango cha joto na cha upungufu wa damu ambacho stripu inastahimili, itawafukuza wauzaji wachache na kuwavuta wengine. Mashine watazitoa bure, kwa kuwa faida yao haiko kwenye mashine, na wao wanalijua hilo tangu zamani. Msaada wa mashine usio na ahadi ya stripu ukataliwe kwa heshima.

Vyuo vya tiba vina sehemu yao pia. Clark hakupata maswali yake kwenye majarida. Aliyapata karibu na meza ya upasuaji, na baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya watoto mjini Cincinnati. Hakukaa juu ya swali moja tu. Mwaka 1966, pamoja na Frank Gollan, alionyesha panya wakiishi wakiwa wamezamishwa katika kimiminika kilichojaa oksijeni, kazi iliyofungua utafiti wa damu ya bandia. Heshima kubwa ya uhandisi, Tuzo ya Russ, ilimfikia mwaka 2005, mwaka uleule aliofariki, zaidi ya nusu karne baada ya utando wa polithini. Mwanafunzi wa uzamili wa Afrika Mashariki anayetafuta mada ya kihisi asiitafute mbali. Stripu inayostahimili nyuzi joto 40 bila kopo, au inayosoma sawasawa damu yenye himoglobini ya gramu 4, haijawa kipaumbele cha viwanda vikubwa, maana wateja wao wanaolipa vizuri hawaishi kwenye joto hilo wala hawana upungufu huo wa damu. Wanaouhitaji utafiti huo wamelala wodini, ghorofa chache kutoka maabara ya chuo.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna lililo ndani ya uwezo wa kliniki hata wiki hii. Mgonjwa anapoitwa kuja na mashine yake ili ikaguliwe, aambiwe aje na kopo pia. Muuguzi aangalie tarehe ya mwisho, aangalie kopo limefunguliwa lini, auulize mfuko gani hulibeba na ni juu ya kabati lipi huwekwa nyumbani, kisha stripu moja ya mgonjwa itumike palepale, kwa tone la kidole kimoja, sambamba na ile ya kliniki. Tarakimu mbili ziandikwe katika kadi yake, zikiwa na jina la stripu iliyotumika kila upande.